Majaketi ya Kumsubiri Mkaguzi

Mansuetus wa Maguu, kule mlimani, alikuwa mkulima wa kahawa, na maji aliyoyazoea ni ya ndoo. Aliponunua boti ya faiba ya kutembezea watu ziwani pale Mbamba Bay, shemeji zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini msimchezee! Boti aliisajili, namba ikaandikwa ubavuni, leseni ya kuendesha akaipata, na majaketi okozi akanunua sita, mapya.

Shida ni malezi. Kwetu kikombe kizuri hukaa kabatini kikimsubiri padre. Basi Mansuetus naye aliyaacha majaketi ndani ya nailoni zake, akayafungia kwenye sanduku la bati chini ya kiti. Mkaguzi akija ayakute yanang'aa. Ufunguo akampa mkewe Notburga, maana nyumba ile haina ufunguo usiolala kiunoni mwa Notburga.

Jumapili moja abiria walikuwa wawili: Mwalimu Hilaria, mtu wa Tanga aliyehamishiwa Mbinga, na mumewe Iddy wa ofisi ya ardhi.

"Sheria si inasema tuvae kabla ya kuondoka?" Hilaria aliuliza.

"Mwalimu, ziwa limetulia kama uji! Utavaa joto lote hilo la nini?"

Kwenda walikwenda vizuri. Kurudi, saa tisa mchana, upepo wa mwera ukaamka. Ziwa likageuka jeusi, mashine ikakohoa mara mbili, ikazima. Wimbi la kwanza liliwalowesha. La pili liliacha maji ya kufika vifundoni.  Na Mansuetus kuogelea hajui hata kwa kusimuliwa.

"Baba, majaketi yako wapi?" Hilaria akauliza.

Mansuetus akaonyesha sanduku kwa kidevu. Mikono ilikuwa imegandana na ukingo.

"Ufunguo?"

"Uko Maguu."

"Maguu ipi?"

"Ya huko juu mlimani. Kwa mama watoto."

Iddy akamkodolea macho. "Uliyafungia samaki wasiibe?"

Hakuna aliyecheka. Mansuetus akaikamata nanga, akapiga kufuli. Akakosa, akajipiga kidole gumba. Akapiga tena, huku akiwaita watakatifu wote anaowajua na wawili ambao sidhani kama wapo. Pigo la tatu komeo likang'oka. Nailoni nazo zilikuwa zinateleza. Wakazirarua kwa meno. Jaketi la kwanza alimtupia Mwalimu, la pili Iddy. Mwili mzima ulimwambia ajipe yeye kwanza, lakini aliwatupia. Hilo nampa.

La kwake alikuwa ndiyo kwanza amefunga mkanda wa kifua, wimbi likamzoa.

Giza. Maji puani. Akajua watoto wake wamebaki yatima. Kisha kitu kikamvuta juu kwa mabega, akaibuka kama chupa tupu, anapiga kelele. Hilaria akamdaka ukosi, Iddy akamdaka suruali, wakamrudisha ndani kama gunia lililolowa.

Mwera wenyewe ndio uliowasukuma hadi mchangani. Watu wakakimbilia, wakaivuta boti nchi kavu. Mansuetus alibaki amekaa ndani yake, macho yametoka, vidole vimeung'ang'ania ule mkanda.

"Vua basi, baba. Tumefika," Hilaria akamwambia taratibu.

"Tumefika wapi?"

"Nchi kavu. Angalia, mchanga huu."

Akauangalia mchanga, akaukaza mkanda.

"Niache nao kwanza, mwanangu. Magoti yangu bado yako ziwani."