Msamaha Nilioujaza kwenye Fomu

Fomu ya chuo ilikuwa na swali moja lililonitoa jasho: eleza ugomvi uliowahi kuumaliza kwa amani. Ningeweza kuandika habari za Yaeda Chini, ambako kanisa lilikuwa linanituma kukaa na wafugaji na wakulima waliogombania maji. Lakini huko walioongea ni wazee. Mimi niliandika muhtasari na kunywa chai yao. Basi nikamwandika kaka yangu.

Kaka amenizidi miaka kumi. Baba alipofariki tuligawana shamba la vitunguu saumu pale kijijini Daudi, na mpaka wake tukauwekea ua wa minyaa kama watu wote. Msimu mmoja nikakuta minyaa imesogea upande wangu. Sikuuliza. Mimi nina hasira za karibu, hilo nalikubali. Siku wakwe walipoleta posa ya binti wa kaka, watu wamekaa, nikasimama nikamwita mwizi. Nikarudia, nikidhani hawajasikia vizuri! Wiki iliyofuata mama akaniambia ni yeye mama mwenyewe aliyeipanda upya ile minyaa, ng'ombe walikuwa wameivunja, naye akachimba pale udongo ulipokuwa laini.

Nilijua nimekosa, na sikwenda kuomba radhi. Tangu hapo nikimwamkia kaka shikamoo, anapita kama hajasikia. Jamani, mtu ambaye hajawahi kunyimwa marahaba na mkubwa wake hawezi kujua inavyouma, hasa mkiwa njiani na watu wanatazama.

Kwenye fomu niliandika kwamba nilikwenda kwake na mzee wa ukoo, nikataja kosa langu mbele ya wale wakwe, naye akanipokea. Kwetu ndivyo inavyofanyika: unakwenda kwa miguu yako, na mtu mzima pembeni, na mbele ya walewale waliosikia tusi. Nilielezea vizuri mpaka machozi yakanitoka. Nalia kwa uongo wangu mwenyewe! Nikajiambia nitakwenda kweli kabla ya kusafiri. Viza ikatoka, nikanunua masweta ya mtumba Mbulu mjini, nikawaaga wajomba kule Nambis na majirani wote wa Daudi. Kwa kaka sikufika. Niliogopa tu, sina sababu nyingine.

Chuo ni cha theolojia, cha Wamenonite, huko Marekani, mahali tambarare mpaka unachoka kutazama. Watu ni wema sana. Wanakuuliza hali, na kabla hujajibu wameshapita. Mabwenini kila mtu anapika chungu chake na kufunga mlango. Kuna Jumamosi nilizomaliza bila kusikia sauti yangu, nikaanza kulisalimia jiko kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu. Nilikuwa mpweke, na aibu ilinizuia kusema.

Siku moja mwalimu wa somo la upatanisho akaisoma ile habari yangu darasani. Wakapiga makofi. Mama mmoja, mwanafunzi mwenzangu, akanishika mkono akasema nina kaka wa ajabu. Nilitoka nikajifungia chooni.

Kesho yake asubuhi nikampigia kaka; kwetu ilikuwa alasiri. Nilidhani hatapokea. Akapokea.

"Shikamoo, kaka."

Nikasikia kuku wake.

"Kaka, nilidanganya chuoni. Niliandika kwamba ulinisamehe."

"Najua," akasema.

Kumbe nakala ya Kiswahili ya habari ile, niliyomwachia mchungaji wetu wa nyumbani ili aniandikie barua ya kunithibitisha, yeye kwa furaha yake aliisoma kanisani Jumapili ya kwanza baada ya mimi kuondoka. Kaka alikuwa amekaa benchi la mbele.

"Watu walisimama wakanipigia makofi," alisema. "Mpaka leo gulioni wananipa mkono. Ningesema nini? Kwamba mdogo wangu ni mwongo, na yuko Marekani anasoma neno la Mungu?"

"Nisamehe, kaka."

"Si kwa simu. Uliniita mwizi mbele ya wakwe, utakuja useme mbele ya wakwe."

"Nimebakiza miaka miwili."

"Najua miaka yako."

Nikadhani atakata. Akashusha sauti.

"Mama aliamini. Siku ile kanisani alilia, akanishukuru, akasema sasa hata akifa ni sawa. Nikashindwa kumwambia. Kila Jumapili nakwenda kula kwake, ananiuliza umesemaje kwenye simu, nami natunga. Nasema unanisalimia. Nasema tunacheka. Wewe ulidanganya mara moja. Mimi nadanganya kila wiki, na mimi ndiye niliyetukanwa."

Mwaka mzima nasoma amani, nikaishia kumwambia pole.

"Soma," akasema. "Jumapili hii nitamwambia umepiga. Angalau hilo litakuwa kweli."

Akakata. Nilitamani anitukane.