Ukimya Nilioukata

Nakumbuka siku ya harusi pale Butere, mwanangu, na naikumbuka kwa masikio kabla ya macho. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nimesimama nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, sampla yangu mbele yangu, na hema zima linanisubiri. Ndiyo siku niliyomuumiza Kukhu Rasoa, nyanya yangu mzaa mama, mbele ya ukoo wote. Nusura nimpoteze.

Nasikia na wewe umenunua sampla. Vizuri sana, na usidhani nakuita hapa nikukataze. Yako ina vitufe kumi na sita vinavyowaka rangi zote. Yangu ilikuwa na vinane, ilikula betri sita kwa siku, na mara ya kwanza nilipoitoa kwenye kikapu wajomba waliniuliza kama ni ya kupigia hesabu za miwa. Lakini nilikuwa hodari. Sijisifu bure. Hata leo, na mvi hizi, nikishika vitufe nimeona mzee wa kanisa akitikisa bega, kisha akajifanya anarekebisha koti.

Kazi yenyewe unaijua: unanasa sauti, unaikata, unaiweka chini ya kitufe, halafu ukibonyeza inatoka, mara moja au mara mia. Nilinasa kila kitu. Nilinasa ngoma za isukuti, mashine ya kusaga mahindi, trela za miwa zikipiga kelele barabarani. Nilifika hadi msituni Isecheno kunasa ndege, nikarudi na malaria na sekunde nne za mlio mzuri ajabu.

Sasa, Kukhu ndiye aliyenilea, kule Musanda. Mtoto wake wa kwanza, mjomba Andati, aliondoka kutafuta kazi kabla sijazaliwa. Barua zake zilikuja mbili, halafu basi. Kukhu alipokuwa akichuma mrenda nyuma ya jikoni alikuwa akimwimbia. Aliita jina, akanyamaza, mkono ukasimama juu ya majani. Baadaye akaita tena. Nilikua nikisikia hivyo kila wiki, na ukisikia kitu kila wiki unaacha kukisikia. Kwangu Andati hakuwa mtu. Alikuwa wimbo wa Kukhu wa kuchumia mboga.

Alasiri moja niliweka sampla kwenye dirisha la jikoni nikamnasa. Sikumwomba. Nani anamwomba nyanya yake ruhusa ya kumsikiliza? Ndivyo nilivyojiambia.

Nilipofika chumbani kwangu mjini Kakamega nikasikiliza nilichopata. Jina, kisha ukimya mrefu, kuku mmoja, upepo kidogo, halafu jina tena. Kumbukumbu ya ile mashine ilikuwa ndogo, mwanangu, kila sekunde niliionea uchungu. Nikaona ule ukimya ni takataka. Nikaukata wote. Nikabaki na jina tupu, mwisho wake ukigusa mwanzo wake, nikaongeza mwendo kidogo. Sitakudanganya: lilikuwa tamu. Nilipiga mto ngumi kwa furaha.

Harusi ilikuwa ya binamu yangu Ayuma. Wamekula, hotuba zimekwisha, emsii akatangaza jina langu kwa mbwembwe. Nikaanza na ngoma taratibu, nikaongeza ile mashine ya kusaga, vijana wakasimama. Nikawaacha waone kiu. Ndipo nikabonyeza kitufe cha nne.

Andati-Andati-Andati-Andati!

Hema liliruka. Vijana wa Butere hawakujua ni jina la nani, waliliimba tu, mikono juu. Mimi macho yalikuwa kwenye vitufe, kwa hiyo nilichelewa kuona kwamba akina mama waliotoka Musanda walikuwa wameketi wote. Nilichoona kwanza ni mkono juu ya kitambaa cha meza. Ulikuwa mkono wa Kukhu. Alikuwa amepita katikati ya wachezaji, na hakuwa akiniangalia mimi. Alikuwa akiangalia spika.

"Nani anaita mwanangu?" aliuliza.

Nikadhani anafurahi. Nikacheka. "Ni wewe, Kukhu! Ni sauti yako hiyo!"

"Sauti yangu naijua. Nimeuliza ni nani anaita."

Nikazima. Na maikrofoni ya emsii ilikuwa imelala hapo mezani, imewashwa, kwa hiyo kila alichosema, ingawa hakupaza sauti, kilifika mpaka kwa wapishi.

"Mimi nikimwitanga, nangojanga," alisema. "Miaka yote hii namwita, nangoja. Pengine ataitika. Wewe unamwita, unamwita, unamwita, na haumngojei hata kidogo. Sasa akiitika leo, utamsikia aje?"

"Nilikata kidogo tu, Kukhu. Hapo kulikuwa kimya."

"Jina kila mtu anaweza kuita. Hiyo kimya ndiyo ilikuwa yangu." Akaondoa mkono mezani. "Itoe."

Nikabonyeza vitufe viwili pamoja ili kuifuta, mashine ikauliza kama nina hakika, nikabonyeza tena. Sikuwa na nakala nyingine popote. Kukhu akarudi kwenye kiti chake, wanaume wa isukuti wakachukua ngoma zao, harusi ikaendelea vizuri tu bila mimi. Nilikunja nyaya zangu nikaenda kulia nyuma ya masufuria. Wanawake waliokuwa wakisonga obusuma walijifanya hawanioni, na aibu ile ilikuwa kubwa kuliko kama wangenicheka.

Wiki tatu sikukanyaga Musanda. Niliogopa kwamba amenifunga nje ya moyo wake, na niliona ni haki yake. Jumamosi ya nne nikaenda, mikono mitupu. Nilimkuta anapeta maharagwe. Tukasalimiana, akanipa uji, akaniangalia nikinywa.

"Kile kisanduku kiko wapi?"

"Nimekiacha mjini, Kukhu. Sikitaki tena."

"Umekiacha kwa nini? Kuna mtu alikuambia uache kazi?" Alikasirika kweli, akaweka ungo chini. "Rudi ukichukue."

Nikaenda Kakamega nikarudi, siku hiyohiyo, na mvua juu yangu. Akanikalisha nyuma ya jikoni, akaniambia niwashe. Akaimba.

"Andati! Wee Andati!"

Akanyamaza. Kidole changu kikataka kusimamisha mashine, kwa mazoea. Aliona, akatikisa kichwa. Basi tukangoja wote wawili. Na hapo, mwanangu, kwa mara ya kwanza maishani nilimsikiliza mjomba wangu. Nilisikiliza njia, nilisikiliza lango, nilisikiliza kama kuna viatu kwenye matope. Nilitega sikio, kana kwamba kweli angesema naam. Hakuna aliyeitika. Kukhu akaita tena. Nililia bila kutoa sauti nisije nikamharibia.

Alipomaliza akajifuta mikono kwenye leso. "Sasa enda nayo. Cheza popote unataka. Lakini mahali nangoja, usikate."

Sijakata mpaka leo. Kukhu tumemzika, mjomba hajarudi, na kipande hicho nakipiga Kakamega, Kisumu, kila ninakoalikwa. Ngoma zinapanda, watu wanatoka jasho, linakuja jina moja, halafu kila kitu kinasimama. Mara ya kwanza vijana hudhani betri zimeisha. Kuna mmoja hucheka. Mimi natoa mikono kwenye vitufe, nainua macho, nangoja wakati uleule aliongoja yeye. Taratibu wanaacha kucheka, na unaona kila mmoja kichwani mwake anamsikiliza mtu wake.

Kwa hiyo nakuambia waziwazi, na unisikie. Nasa sauti za watu, kata, ongeza mwendo, chezesha watu mpaka viatu vitoke. Hiyo ndiyo kazi na ni kazi nzuri. Ila uombe kwanza, hata kama ni nyanya yako, hasa kama ni nyanya yako. Ukisikia jina, uliza ni la nani. Ukiona mahali pamekaa kimya, usipafute kabla hujajua ni nani aliyenyamaza hapo na anangoja nini. Na usicheze ukiangalia vidole tu, maana wanaoumia wako mbele yako.

Mungu akupe vidole vyepesi na subira ndefu. Ukiita, upate wa kukuitika. Na siku utakapoitwa wewe, mwanangu, popote utakapokuwa, usikie, urudi nyumbani.