Kofia Mbele ya Kamera

Mpiga picha wa mtaa wa Nyalenda ana kofia nyeusi, lakini jioni hukaa mkononi zaidi kuliko kichwani. Flashi yake ilikufa, kwa hiyo huacha jicho la kamera wazi kwa muda huku akihesabu polepole kama anayebembeleza mtoto. Mwanga mgeni ukiingia, picha imeungua; mtu akitikisika, imevurugika. Leo Adero amempakata mwanawe aliyelala. Baba wa mtoto yuko Port Victoria, hajamwona bado, picha ni ya kumtumia, na kwenye filamu imebaki moja tu. Mara lori likakata kona, taa kali! Kofia ikaruka na mkono wa mpiga picha, ikafunika jicho la kamera.

"Zima taa, Bwana! Mtoto anaingia!" mpiga picha akamwambia dereva.

"Anaingia wapi?"

"Kwa picha!"

Dereva akazima, akicheka. Kofia ikaondoka, hesabu ikaendelea pale ilipoachwa. Adero hakupepesa jicho hadi kofia ilipofunika tena.

"Ameingia, Mama!"

Ndipo mtoto akapiga chafya.