Sikio Moja kwa Papa, Moja Kwangu

Mwaka jana nilipata kazi Kalemie, mji wa mbali ziwani Tanganyika, ya kufundisha nyimbo katika shule ya wasichana, na mwenye boti akaniahidi nafasi Alhamisi. Kilichobaki ni Papa, baba yangu. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja na kumfunga ulimi, nami, kwa kuwa sina mume, nikaitwa nyumbani, mji wa Baraka, kumuuguza kwa muda mfupi. Muda mfupi huo ulikuwa umeshapita mwaka. Ndugu zangu wana watoto, wana kazi, wana sababu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mdogo wangu anayesomea upadre Ulaya hakuja. Alimpa msafiri kadi ya memori iliyojaa rekodi mpya za kwaya: nyimbo za kale za Kilatini za watawa wamonaki, misa kubwa za makanisa ya huko, mpaka kazi za watunzi ambao bado wako hai, zenye sauti zinazonong'ona, zinagongana, halafu zinanyamaza hata unadhani simu imezimika. Nilikasirika sana. Nilihitaji mtu wa kunisaidia kumgeuza baba kitandani, nikaletewa wamonaki.

Lakini siku ni ndefu kwa mtu asiyetoka nje. Asubuhi uji, kisha mashuka ya kufua, kisha pikipiki zinapita kwenda ziwani na wewe unazisikiliza tu. Mchana nilianza kujilaza kando ya Papa, tukigawana visikilizio vya simu, kimoja sikioni mwake, kimoja mwangu. Aliongoza kwaya ya parokia tangu sijazaliwa. Sasa aliguna tu akifuata wimbo, na alikosea. Sauti nilizosikia zilipopanda, yeye alishuka. Ziliponyamaza, ndiyo kwanza akaanza.

"Papa, unapotea," nilimwambia. Aliendelea kuguna.

Jirani yetu, mama mmoja mpole anayekausha samaki wadogo wa ndagala, alikuwa amekubali kumtunza nikiondoka. "Dada, usijisumbue kichwa," aliniambia. "Muzee hajue tena nani iko hapa. Nitamupatia bukari, atakula." Maneno hayo yalinituliza kuliko sala. Kama hajui, basi simwachi mtu. Nikafunga begi.

Jumatano alisinzia na kisikilizio chake kikaanguka. Nilivaa vyote viwili, nikairudisha misa ya zamani tuliyokuwa tukiisikiliza. Zilikuwa kwaya mbili. Moja iliimba kushoto, nyingine kulia, zikijibizana kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Muda wote huo mimi nilisikia moja, yeye nyingine, na kila guno lake lilikuwa mahali pake. Nikafungua na ile kazi mpya ya kunong'ona. Huko nako alikuwa ameshika zamu zake zote.

Nililia kwa hasira. Afadhali angekuwa amekosea. Mtu anayejua kungoja kimya kiishe ndipo aingie, anajua pia nani anamlisha, nani anamgeuza, na nani yuko njiani kuondoka.

Nilipogeuka alikuwa macho, ananitazama.

"Papa, kesho kuna boti," nikasema. "Ya Kalemie. Niko na kazi kule. Ile mama wa hapa jirani atakuangalia."

Alihangaika na mdomo wake kwa muda mrefu, mate yakamtoka, nikampangusa. Tangu augue hakuwa ametamka neno hata moja.

"Enda," alisema. Akapumzika, akajaribu tena. "Enda, mama yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake, hata kwa mkono wake mzima kunishika nguo. Kwa hayo nilikuwa na majibu. Neno lile sikulitazamia. Asubuhi nilisikia injini ya boti ikiwaka, nikaendelea kukoroga uji.

Angenikataza ningeondoka. Aliniruhusu, basi mpaka leo niko hapa.