Ushahidi Uko Wapi?

Idara inautangazia umma kwamba kila insha ya mwanafunzi husomwa neno kwa neno, tangu kichwa hadi nukta ya mwisho, na msomaji aliyebobea. Tangazo lina mhuri, nalo limebandikwa kwenye mlango wa chumba cha wasaidizi, juu kidogo ya kitasa kilicholegea.

Msomaji aliyebobea alikuwa kijana wa uzamili aliyefundisha uandishi asubuhi na kuiandika tasnifu yake alasiri. Au tuseme kuiahirisha. Insha zilirundikana mezani pake kama matofali ya nyumba isiyo na fundi. Jirani yake wa meza, ambaye wote walimwita Daktari Mtarajiwa kwa kuwa alikuwa akitarajiwa tangu enzi za mkuu wa idara aliyepita, alimwonyesha njia: soma ukurasa wa kwanza, chungulia wa mwisho, kisha andika pembeni kwa wino mwekundu, "Unadai tu. Ushahidi uko wapi?"

"Hiyo haikosei, ndugu yangu," alimhakikishia. "Hakuna insha isiyopungukiwa ushahidi. Hata yangu."

Kijana akaandika, akarudisha insha, akalala usingizi wa mwadilifu.

Asubuhi moja binti mmoja wa safu ya nyuma, mpole wa kusahaulika, alibisha hodi, insha yake mkononi. Nyuma yake alisimama mzee aliyevaa koti la kuendea harusini.

"Mwalimu, uliniuliza ushahidi uko wapi," binti alisema. "Nimekuja naye. Huyu ni baba."

Mzee alikataa kiti mpaka akabembelezwa. Kisha akauweka mkono wa kulia juu ya rundo la insha. Vidole viwili havikuwepo.

"Mashine ya kupigia pasi mashuka, hospitalini, kama alivyoandika," alisema taratibu, kama aliye kizimbani. "Mwanangu si mwongo, mwalimu. Nimeomba ruhusa kazini nije nikwambie mwenyewe. Sasa, ni wapi hasa ulipotilia shaka? Pale kwenye mashine, au pale niliporudi kazini kabla kidonda hakijapona?"

Kijana aliipokea insha ya binti, akaifunua. Yeye na ukurasa wa tatu walikuwa wakionana kwa mara ya kwanza. Daktari Mtarajiwa, mtu asiyejua haraka, ghafla alikumbuka kwamba ana kipindi.

Neno "sikusoma" lilimfika kijana ulimini. Akalimeza, nalo likashuka kama mwiba wa samaki.

"Hapana, mzee wangu. Nilitaka tu... maelezo zaidi. Ya kitaalamu."

"Aa, ya kitaalamu!" Mzee akamgeukia bintiye, uso umemkunjuka. "Unaona? Umenitia hofu bure, mama. Nikadhani umeitwa mwongo. Asante sana, mwalimu. Watoto wetu wako mikononi mwako."

Angetukanwa, angepumua. Shukrani ilimwunguza masikio. Akanyakua kalamu, akaikata alama ya awali na kuandika nyingine, nono.

Binti aliiangalia. "Hii ni ya insha, mwalimu, au ni ya mkono wa baba?"

"We mtoto! Mshukuru mwalimu!"

"Asante, mwalimu," alisema binti, akamkazia macho mpaka kijana akayainamisha ya kwake.

Walipoondoka, insha ikabaki mezani; alifunga mlango, akaisoma. Ushahidi ulianzia ukurasa wa pili na haukuisha hadi mwisho.

Wiki iliyofuata idara ilimpongeza mbele ya wenzake: hakuna msaidizi aliyerudisha insha mapema kama yeye.