Harufu Tamu ya Hita

Mtaa mzima ulimwita Pua, naye hakukasirika, maana jina lilimletea wateja. Wenzake walitega masikio kwenye injini, yeye alizinusa. Aliinama juu ya boneti, akafumba macho, akavuta pumzi moja, kisha akatoa hukumu: mkanda unaungua, au oili inadondokea ekzosi, au panya amefia kwenye njia ya hewa. Alipatia mno, hata akajiwekea sheria kwamba mwenye gari asifungue kinywa. Anayejaribu kueleza alinyamazishwa kwa kiganja chenye grisi. "Ukiongea unanichanganya," alisema, na watu walicheka wakanyamaza, kwa sababu gari lilitoka limepona.

Kasoro yake ilikuwa wivu. Si ule wivu mdogo wa kumfanya mke ajione anapendwa, la, huu ulikuwa ugonjwa. Mke wake alikuwa muuguzi wa kuwatembelea wagonjwa majumbani, na kila jioni aliporudi, Pua alitoka nje akajifanya anatazama matairi, kumbe anapapasa boneti ajue gari limekimbia umbali gani. Mke alikuwa akimwona dirishani. Alinyamaza tu, maana miaka yote ile alikuwa amechoka kubishana na kiganja cha mtu.

Msimu wa baridi ulipoingia, mke akaanza kuwasha hita asubuhi. Jioni moja, akivua viatu, alisema, "Baba watoto, lile gari lina harufu. Nikiwasha hita tu, inakuja, tamutamu hivi, halafu kichwa kinaniuma."

Fundi mwingine yeyote angekwenda kuwasha injini. Huyu wetu alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa abiria. Injini ilikuwa imepoa na hita imezimwa, kwa hiyo kilichobaki ndani kilikuwa utamu mdogo ulioshika kwenye vitambaa vya viti. Akavuta pumzi. Kisha akaona kwamba kiti cha mbele kimesogezwa nyuma kabisa, kwa mtu mwenye miguu mirefu. Pua hiyo iliyosifiwa mji mzima ikafungwa na macho yake mwenyewe.

Alirudi ndani amekunja uso. "Nani alikaa mbele?"

"Lini?"

"Kiti kimesogezwa nyuma."

"Si yule daktari wa viungo? Nilimpa lifti kwa mgonjwa wetu. Kwani kuna nini?"

"Anajipulizia manukato?"

Mke alimkodolea macho. "Mimi nimekuambia habari ya gari," alisema polepole. "Na kichwa changu."

"Na mimi nakuuliza habari ya manukato."

Usiku huo walilala wamepeana migongo. Pua hakupata usingizi. Alimwona yule daktari, ambaye hajawahi kukutana naye, amenyoosha miguu yake mirefu ndani ya gari ambalo yeye alilifungia breki kwa mikono yake, anacheka, ananukia, na mke wake anacheka naye. Kadiri alivyomfikiria ndivyo daktari alivyozidi kurefuka.

Siku chache baadaye mke alirudi bado ameshika kitambaa cha kufutia kioo. Mvua ilikuwa imenyesha, hita ilikuwa imewashwa, na kioo cha mbele kilikuwa kimeingia ukungu wa ajabu. "Nafuta kwa kitambaa, unateleza kama mafuta, unarudi palepale," alisema. "Nusura nimgonge mwendesha baiskeli."

"Ulikuwa unamtazama nani?"

Kuna maneno ambayo mtu akishayatoa hata yeye mwenyewe hutamani ayarudishe mdomoni. Pua alitamani hivyo, lakini wivu haukumruhusu. Mke aliingia chumbani. Tangu siku hiyo hakumwambia tena neno lolote la gari, na mume, kwa akili yake ile, akauhesabu ukimya huo kuwa ushahidi.

Basi, asubuhi moja muuza vipuri alipita gerejini kwake na kusema, hana hili wala lile, "Gari la shemeji nimeliona kwa Taratibu. Wewe umehama kazi?"

Taratibu alikuwa fundi wa upande wa pili wa mji, mtu wa maneno mengi kuliko spana, tena mjane, tena mwenye sauti nzuri. Pua alikuwa akimdharau kwa miaka. Gari la nusu saa kwake lilichukua siku nzima, kwa kuwa alimkalisha mteja, akampa chai na kumwomba aeleze tangu mwanzo. Pua aliangusha spana alipokuwa, akatoka na ovaroli yake chafu, akatembea mji mzima damu inamchemka. Sasa hakuwa na hakika amwonee wivu nani kwanza, daktari au fundi.

Alimkuta mke wake ameketi kwenye kigoda, kikombe mkononi, anaeleza kitu kirefu kwa mikono miwili. Taratibu alikuwa amechuchumaa mbele yake, anaitikia kwa kichwa. Pua hakukumbuka ni lini mke wake alimweleza yeye kitu kirefu namna ile.

"Mke wa fundi anapelekwa gereji ya jirani?" alipaza sauti. "Mnataka nichekwe na nani tena?"

"Karibu, kaka," Taratibu alisema bila kushtuka. "Afadhali umekuja. Shemeji amenieleza, na mimi nina langu moyoni, lakini pua yako inajulikana. Hebu tusaidie."

Akawasha injini, akaiacha ipate moto, akafungua hita mpaka mwisho. Pua aliingiza kichwa ndani kwa hasira, tayari kumnusa mwanamume. Akavuta pumzi.

Alijua papo hapo. Yalikuwa maji ya rejeta, yale ya kijani yenye dawa, yanayonuka utamu yakipata moto. Alipeleka mkono chini ya dashibodi, akagusa kapeti upande wa abiria: lilikuwa limelowa na lilinata vidoleni. Ugonjwa huo alikuwa amewatajia wateja wengi bila hata kufumbua macho.

"Rejeta ndogo ya hita," alisema. "Imetoboka."

"Ndivyo nilivyodhani," Taratibu alijibu. "Ule utamu, ukungu unaoteleza, kichwa kuuma. Na maji yanapungua. Shemeji amekuwa akiongeza mwenyewe kila asubuhi kabla ya kutoka."

Hilo Pua hakulijua. Lakini furaha ilikuwa imeshampanda, furaha ya kipumbavu kabisa: hakuna mwanamume! Akacheka kwa sauti, akampapasa mke wake begani. "Basi, mama, twende. Nakutengenezea leo hii hii."

"Hapana," mke alisema. "Atatengeneza yeye."

"Kwa lipi? Kanizidi nini huyu? Si umeona, nimelijua kwa pumzi moja!"

"Hajakuzidi. Ila nilipomwambia gari linanuka, aliniuliza limeanza lini. Wewe uliniuliza ni nani."

Taratibu aliinamisha kichwa, akaenda kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mfukoni mwake. Pua alisimama ukutani akitazama mikono ya mtu mwingine ikifungua gari la mke wake, ikichomoa rejeta iliyooza, ikikamua kapeti. Wivu ulimla kuliko siku zote. Zamani alimwonea wivu mtu asiyekuwepo. Huyu alikuwepo, na maelezo aliyopewa yalikuwa yameletwa kwanza nyumbani kwa Pua mwenyewe.

Jua lilipopinda waliondoka pamoja, mke akiendesha. Hita ilipuliza hewa kavu isiyo na harufu yoyote. Kioo kilikuwa safi, barabara ikionekana hadi mwisho. Pua alimgeukia mke wake.

"Kichwa," alisema mwishowe, "bado kinakuuma?"

Mke hakugeuza macho.

"Leo nimeshamweleza Taratibu," alisema. "Niulize kesho."