Vidole Sita kwa Prosesa Mbili

Najua utasema ni ukosefu wa usingizi. Kweli, sikuwa nimelala vizuri kwa siku tatu. Lakini niamini, kilichonikuta katika duka la Murithi kule Isiolo mjini kilinikuta saa nane mchana, jua likichoma mabati, na mimi nikiwa macho kuliko siku nyingine yoyote.

Kilichoninyima usingizi ni kitu ambacho wengi watakicheka. Murithi, Mmeru anayeuza laptopu zilizotumika ng'ambo, alikuwa na mbili za bei karibu sawa. Moja ilikuwa na prosesa ya i7 ya kizazi cha nne, yenye viini vinne vya kuchakata kazi. Ya pili ilikuwa i5 ya kizazi cha sita, viini viwili tu. Mama yangu, mjane anayeishi peke yake kule Biliqo, alikuwa ameuza mtamba wake ili ninunue moja. Mtamba mwingine hakuna. Nilikuwa nimepata kazi ya kwanza tangu nimalize chuo: unatumiwa mahojiano ya Kiborana yaliyorekodiwa, wewe unayarudisha yakiwa maandishi. Nilipaswa kuanza Jumatatu.

Sasa nichukue ipi? Nilizipa zote faili moja la sauti zilisafishe kelele. i7 ilimaliza wakati mwenzake bado yuko nusu ya njia. Lakini inavyokula umeme! Saa moja na nusu betri imekwisha, na feni inanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. i5 ilikwenda polepole, ila ilikwenda saa tano nzima, na chini yake haikupata hata joto. Kwa mashine hiyo ningeweza kurudi Biliqo, nikaichaji kwa sola ndogo ya Mama, nikawa karibu naye, maana magoti yake siku hizi hayamruhusu kwenda mbali na nyumba. Jibu si liko wazi? Kwa mtu mwingine, ndiyo. Mimi nilikaa nikijiuliza: na wakianza kutuma video? Na viini viwili vikishindwa mwakani? Na hiyo betri, nani anajua imebakiza umri gani?

"Msomi," Murithi aliniambia siku ya tatu, "hata bibi hachaguliwi hivi. Utazeesha mashine zangu."

"Nipe dakika kumi tu, boss."

"Zile kumi za jana hazijaisha?" Akacheka, akatoka kwenda duka la jirani kuazima chaja. Akaniacha peke yangu na laptopu mbili juu ya kaunta.

Ndipo nikasikia, "Nagaa?"

Hiyo ni salamu yetu Waborana, kuulizana amani. Nikajibu "Nagaa" bila kuinua macho. Nilipoyainua, kando yangu alisimama mwanamume wa makamo, shuka begani, akala miguuni, kama dalali yeyote wa ng'ombe. Mnada wa mifugo hauko mbali na duka lile, kwa hiyo sikushtuka. Aliifungua i7 na kuifunga, kama mtu anayekagua meno ya mnyama. Akaweka kiganja chini ya i5, akakiacha hapo kidogo.

"Huyu mkubwa ana kifua," alisema, "lakini kila mahali anataka maji. Huyu mdogo atakufikisha nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Biliqo. Mama si anangoja?"

Unadhani nilikimbia? Nilidhani ananijua. Sisi tunajuana, ukitaja ukoo tu mtu anakuambia hadi kisima mnachonyweshea mifugo.

"Lete mkono," akasema. "Tumalize hii kazi."

Hapa nikueleze. Sokoni kwetu wazee hawataji bei mbele ya watu. Mnaingiza mikono chini ya shuka, na muuzaji anakushika vidole: kila kidole ni hesabu, na wanaosimama kando hawaambulii kitu. Ukiubana mkono wake, umekubali. Nimekua nikimwona marehemu baba akifanya hivyo. Kwa hiyo mkono wangu ulienda wenyewe, kwa mazoea, kabla sijafikiri. Mimi, ninayefikiri kila kitu mara kumi!

Alitupa shuka juu ya mikono yetu. Haukuwa mkono wa baridi, na wala haukuwa wa moto. Ulikuwa na joto lilelile la mkono wangu, kana kwamba nimejishika mwenyewe. Kisha vidole vyake vikapanda juu ya vyangu, vyote kwa pamoja. Nikavihesabu. Nikarudia. Vilikuwa sita, katika mkono mmoja.

Nilishtuka. Na ukishtuka, mkono unafanya nini? Unabana.

"Tole," akasema. Yaani, sawa. Akavuta shuka lake, akatoka nje kwenye jua.

Murithi aliporudi alinikuta nimeegemea kaunta. "Nani amekufanya hivi?"

"Huyo aliyetoka sasa hivi."

"Mimi nilikuwa hapo mlangoni kwa jirani. Hakuna mtu ametoka."

Nikamwomba tuangalie kamera yake ya dukani. Kwenye skrini niko mimi, nimesimama, nanyoosha mkono wa kulia mbele yangu. Mtu hayupo. Shuka halipo. Na mkono wangu, ndugu yangu, unaishia kwenye kifundo. Kiganja hakionekani. Sekunde kadhaa hivi, kisha kinarudi.

Murithi alitazama mara mbili. "Kamera ya bei rahisi," alisema, lakini hakucheka. Usiku ule alifunga duka mapema.

Mimi sikulala tena. Nilikuwa nimekubali, lakini nimekubali nini? Sita nini? Aliyeuza ni nani, na mnunuzi alikuwa mimi, au mimi ndiye niliyeuzwa? Nikakumbuka kitu kimoja: kwetu, hata ukishabana mkono, biashara haijakamilika mpaka umeondoka na mnyama. Kwa hiyo Jumamosi nilinunua i7, ili nisiondoke na ile aliyonichagulia. Nilijua vizuri kabisa ile nyingine inanifaa zaidi.

"Si ulisema hii ndogo ndiyo ya nyumbani?" Murithi aliuliza.

"Nimebadilisha."

Kazi ilianza vizuri. Lakini i7 haikai mbali na ukuta. Nilibaki kwa shangazi kule Burat, nje kidogo ya mji, nimefungwa kwenye soketi kama mbuzi kwenye kamba. Mama alipiga simu kila Ijumaa. "Utakuja lini, mwanangu?" Nami nilisema nikipata betri mpya, au kazi hii ikiisha. Mkono wa kulia hadi leo siusikii vizuri. Nikiandika, kila mara naona kana kwamba kidole kimoja kimezidi.

Halafu Ijumaa moja Mama hakuuliza nitakuja lini. Alinisalimia, akaniombea dua, akakata simu. Nilikaa na ile simu mkononi, nikawaza jambo lililonitia baridi kuliko vidole vile. Je, kama bei ilikuwa ndiyo hii? Kama alijua nitaogopa, nikimbie mashine ya kunirudisha nyumbani, nimlipe kwa kujitenga na Mama mimi mwenyewe?

Sijui. Pengine sitajua. Nakuonya tu: usimpe mkono chini ya shuka mtu usiyeujua ukoo wake, hata akikuambia kweli. Hasa akikuambia kweli. Taja bei kwa mdomo, watu wasikie.

Sikusubiri betri. Asubuhi iliyofuata nilipanda lori la bidhaa liendalo Merti kupitia kwetu, i7 ikiwa kwenye begi mapajani, nikafika Biliqo kesho yake nikiwa mweupe kwa vumbi. Sola ya Mama inanipa saa moja na nusu ya kazi kwa siku. Naandika hiyo saa moja na nusu, kisha nafunga laptopu, naenda kumchotea maji.